Kobe wa Lualaba Ndani ya Beseni

Kobe wa maji wanaofugwa majumbani huko Kasongo na Kabambare hawakununuliwa dukani, maana duka la namna hiyo halipo. Aliyewaleta ni ndoana. Mvuvi wa Lualaba au wa Luama huweka chambo cha nyungunyungu jioni akitarajia kambale, na alfajiri anavuta kamba nzito iliyonasa mnyama mwenye gamba jeusi, kichwa kimefichwa, na harufu kali inatoka kwenye ngozi yake. Mgono nao humnasa vivyo hivyo. Samaki huoza njiani, lakini kobe hafi upesi, kwa hiyo hufungwa kamba na kusafirishwa akiwa hai mpaka siku ya soko.

Sokoni bahati yake inategemea nani amemchukua. Kwa familia moja yeye ni kitoweo. Kwa nyingine haliwi. Uislamu wa Kasongo na Kabambare uliletwa katika karne ya 19 na watu wa pwani waliofuatana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, pamoja na wafanyabiashara wenzake. Waswahili hao walikuja na madhehebu ya Shafii, ambayo wanazuoni wake wengi hawahalalishi nyama ya kobe kwa kuwa ni mnyama wa maji na wa nchi kavu kwa pamoja. Kobe aliyeingia nyumba kama hiyo, kwa zawadi au kwa kulipia deni, anaweza kujikuta amekuwa mchezo wa watoto.

Watoto humtia kwenye beseni la plastiki lenye maji kidogo, nao humlisha wanachokula wao. Maniema ni nchi ya mpunga tangu enzi hizohizo za misafara, basi kobe anapewa wali. Akibahatika anaongezewa kipande cha bukari. Miezi michache baadaye macho yamevimba, gamba limelainika, miguu inaburutwa, na wakubwa wanasema ni mapenzi ya Mungu. Kumbe mnyama huyu anaweza kuishi miongo kadhaa. Anayekufa ndani ya beseni kwa kawaida ameuawa na mambo ya kila siku: jinsi anavyoota jua, jinsi anavyolala na jinsi anavyokula.

Inafaa kumjua kwanza ni nani. Wengi wa kobe wa mito na mabwawa ya huku ni wa jenasi ya Pelusios, ukoo wa Kiafrika kabisa. Wana alama mbili zisizokosewa. Gamba la tumboni lina bawaba upande wa mbele: akitishwa, sehemu hiyo hujikunja kwenda juu na kuziba mlango wa kichwa na mikono. Na shingo yake hairudi ndani moja kwa moja. Huilaza ubavuni, chini ya ukingo wa gamba, jicho moja likichungulia nje. Mwaka 1965 Raymond Laurent, mtaalamu wa Kibelgiji wa wanyama watambaao, aliupanga upya ukoo huu katika chapisho la makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mmoja wa kobe aliowaeleza alimwita chapini, kwa heshima ya James Chapin, Mmarekani aliyezunguka kaskazini-mashariki ya Kongo pamoja na Herbert Lang kuanzia mwaka 1909 hadi 1915 wakikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya New York. Mwaka 1981 Donald Broadley naye akamweleza upembae, kobe wa Lualaba ya juu kwenye mabwawa ya Upemba. Mvuvi hatofautishi majina hayo, wala hana haja nayo, kwa sababu mahitaji yao yanafanana sana.

Yupo pia kobe wa gamba laini, Trionyx triunguis, mwenye pua ndefu na ngozi ngumu mahali pa magamba. Jina alilipata kutokana na wale wa mto Nile, waliochunguzwa na Peter Forsskål, mtaalamu aliyekufa Yemen mwaka 1763 na ambaye maelezo yake yalichapishwa miaka 12 baadaye. Huyu hukua hadi gamba lake lizidi nusu mita, na kwa mdomo wake anaweza kukata kidole. Si wa beseni, na hapa hatutamzungumzia sana.

Wala kobe wa mtoni asichanganywe na kobe wa nchi kavu, wale wakubwa ambao wageni wa Zanzibar huwalisha majani kwenye kisiwa cha Changuu. Wa Changuu hula nyasi, hutembea siku nzima, na maji huyahitaji ya kunywa na kuogea. Pelusios akiwekwa uani bila maji hudhoofika, na akimeza chakula nchi kavu husumbuka. Lakini kumwona kama samaki nalo ni kosa. Ana mapafu. Akizuiliwa chini ya maji muda mrefu atakufa, na ndiyo maana wavuvi huwakuta wamekufa ndani ya nyavu zilizolala usiku kucha.

Jua ndilo jambo ambalo vitabu vya ufugaji hulieleza zaidi kuliko mengine yote, na ndilo linalompotosha zaidi mfugaji wa Maniema. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye majira ya baridi, ambako kobe huishi sebuleni ndani ya tangi la kioo. Humo utasoma habari za taa ya kupasha joto, taa ya miale, kipimajoto cha maji. Kasongo iko karibu nyuzi nne na nusu kusini ya ikweta. Mchana ni wa saa kama 12 mwaka mzima, na jua hupita utosini mara mbili: mapema Machi na mapema Oktoba. Hakuna taa ya dukani inayolifikia jua hilo. Tatizo la huku ni namna ya kulipunguza.

Sababu ya kobe kulitafuta jua ni kwamba mwili wake hauzalishi joto la kutosha kuuendesha. Akiwa wa baridi, chakula kinakaa tumboni bila kusagika, na kinga ya mwili inalegea. Akipanda kwenye gogo asubuhi, akanyoosha shingo na kutandaza miguu ya nyuma, anapasha moto damu yake ili aweze kusaga alichokula usiku. Ndani ya mwanga huohuo mna miale isiyoonekana ambayo huigeuza kemikali fulani ya ngozini kuwa vitamini D. Bila vitamini hiyo madini ya chokaa hayaingii kwenye mifupa, hata ukimlisha mifupa ya samaki kila siku. Na gamba lenyewe ni mfupa: limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Hivyo kobe aliyefungiwa ndani ya nyumba yenye giza hulainika gamba pole pole. Kumweka nyuma ya dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo cha kawaida hupitisha joto lakini huizuia sehemu kubwa ya miale hiyo.

Kukauka nako ni dawa. Ruba hawapendi gamba kavu, na ukungu pamoja na mwani hushindwa kuota juu yake.

Hamu hii ya jua hubadilika kati ya aina moja na nyingine. Pelusios sinuatus, kobe mkubwa wa mashariki na kusini mwa Afrika ambaye yumo hata katika Ziwa Tanganyika, huota jua hadharani bila haya. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, watalii huwapiga picha wakiwa wamejipanga migongoni mwa viboko. Wengine wa ukoo huo, hasa wale wa vijito vya msituni, hawaonekani sana. Huridhika kuelea chini kidogo ya uso wa maji, mgongo ukiguswa na jua, au kujibanza kwenye matete pembeni. Mfugaji asiyemwona kobe wake juu ya jiwe asidhani kwamba jua halihitaji. Pengine jiwe lenyewe liko mahali penye kelele na kuku.

Thamani ya mahali pa kuotea jua ilionekana wazi Ulaya. Watafiti wawili wa Ufaransa, Antoine Cadi na Pierre Joly, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya jaribio la kuwaweka pamoja, kwenye mabwawa, kobe wa asili wa Ulaya na kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu kando ya macho. Wageni walichukua sehemu nzuri za jua na wenyeji wakasukumwa kwenye sehemu duni. Magogo machache yalitosha kuwa chanzo cha ugomvi. Mwenye kobe wawili katika chombo kimoja na jiwe moja la kupandia atayaona hayohayo: mmoja ananenepa, wa pili yuko majini daima.

Kisha kuna ugunduzi ambao wakazi wa nchi za joto wangestahili kuambiwa mapema. Watafiti wa Australia walikuwa wameona kobe wa Mto Ross, mjini Townsville, wakipanda magogoni usiku wa manane, wakati hakuna jua la kuota. Waliweka kamera zinazopiga picha zenyewe katika nchi mbalimbali, pamoja na visiwa vya Shelisheli ambako jamaa wa Pelusios wanaishi, na mwaka 2023 Donald McKnight na wenzake wakatoa majibu: kati ya aina 29 walizozipiga picha, 13 zilikuwa na tabia hiyo, na zote zilikuwa za ukanda wa joto au jirani yake. Maelezo wanayoyapendekeza ni kwamba maji ya nchi za joto hukawia kupoa baada ya jua kutua, kiasi kwamba kobe hutoka nje kutafuta upepo wa usiku. Yaani mnyama yuleyule aliyepanda jiwe asubuhi ili apate moto hulipanda tena saa sita za usiku ili apoe.

Hili lina maana kubwa kwa beseni la Kasongo. Mto ni mpana, una vina na vivuli. Kobe akiona joto anashuka chini. Beseni lenye maji ya kina cha kiganja, likiachwa uani saa sita mchana kando ya ukuta wa matofali, hupata joto lote, na kobe hana pa kukimbilia. Aina nyingi za kobe haziwezi kuvumilia joto la mwili linapokaribia nyuzi 40, na maji machache juani hayachelewi kulikaribia. Kobe aliyezidiwa hutoa povu mdomoni, hukwaruza kuta kwa wazimu, kisha hutulia. Wengi hudhani ametulia kwa kuzoea.

Suluhisho halina gharama. Chombo kiwe kikubwa kadiri inavyowezekana: beseni la kufulia la familia kubwa, nusu ya pipa iliyokatwa kwa urefu, au shimo lililosakafiwa kwa saruji. Kiwekwe mahali ambapo jua la asubuhi linafika na jua la mchana linazuiwa na mwembe au paa la nyasi. Nusu ya uso wake ifunikwe kwa jani la mgomba. Ndani lisimamishwe jiwe pana au gogo lililoinama, lenye uso usioteleza, ambalo kobe ataweza kulipanda akitokea majini na ambalo halitampa njia ya kuvuka ukingo. Saa mbili au tatu za jua la asubuhi zinamtosha. Mengine aamue mwenyewe, hata yale ya usiku.

Kuhusu usingizi, kobe ana njia zake. Akilala hufumba macho, hulegeza shingo, na husahau kabisa kuficha miguu. Pelusios si muogeleaji hodari. Kazi yake hasa ni kutembea juu ya tope la chini. Kitanda chake nacho kiko huko: chini ya mizizi, ndani ya majani yaliyooza, au katikati ya matope, ameonyesha pua tu. Hutulia hapo muda mrefu, huibuka kuvuta pumzi akiwa nusu macho, kisha hushuka tena. Maji yakipoa na mwili ukipungua kasi, mahitaji yake ya hewa hupungua pia, ndipo anaweza kukaa chini bila kuibuka kwa muda unaomtia hofu mtoto anayemtazama.

Kupumua kwake ni jambo la ajabu lenyewe. Sisi hutanua mbavu. Yeye mbavu zake zimegeuka gamba na hazitikisiki. Kwa hiyo mapafu yake hujazwa na kuminywa na misuli iliyo ndani ya gamba, karibu na viungo vya miguu. Ndiyo sababu kobe aliyefungwa miguu kwa kamba kwa nguvu, kama wafanyavyo sokoni, hupumua kwa shida. Yule wa gamba laini amepata hila zaidi: mwaka 1961 mtafiti aitwaye Girgis, aliyewachunguza wale wa Nile, alionyesha kwamba wakikaa chini ya maji huvuta oksijeni kutoka majini kwenyewe, kama asilimia 70 kupitia ngozi na asilimia 30 kupitia vijinyama vya kooni. Pelusios asidhaniwe kuwa na kipaji cha kiasi hicho. Kwa kobe mchanga, maji yasizidi kina ambacho akisimama kwa miguu ya nyuma pua inatokeza nje, au basi pawepo jiwe, tawi, kitu cha kujishikilia. Beseni lenye kuta laini na maji mengi limewazamisha wengi wachanga, ingawa watu hawaamini kwamba kobe wa maji huzama.

Anachokitaka mlalaji huyu ni giza, utulivu na kitu cha kujifichia. Chungu kilichovunjika, kikilazwa ubavu chini ya maji, ni nyumba nzuri kuliko zote. Taa ya sola inayowaka usiku kucha juu ya beseni humkosesha mpangilio wa mchana na usiku. Na mtoto anayemtoa nje kila dakika kumi kuhakikisha kwamba bado yu hai anamchosha zaidi kuliko njaa.

Kuna usingizi mwingine, ambao umewafanya watu kuzika kobe wazima. Kusini mwa Maniema mvua hukatika katikati ya mwaka. Juni, Julai na Agosti vijito hupungua, madimbwi ya bondeni hukauka. Kobe wa madimbwi hayo hujichimbia ndani ya matope kama afanyavyo kamongo, tope hukauka juu yake, naye hukaa humo bila kula mpaka mvua irudi. Mtu anayelima bondeni Agosti anaweza kumfukua kwa jembe. Yule wa nyumbani hana tope wala hajui kwamba maji yake yanajazwa kwa ndoo, lakini mwili wake unasikia mabadiliko ya majira. Akianza kukataa chakula mwezi wa saba, akajikunyata pembeni, macho yakiwa safi na pua haitoki kamasi, si lazima awe mgonjwa. Aachiwe maji safi, kivuli na rundo la majani au matope, apewe chakula kidogo kwa majaribio. Akiwa na macho yaliyovimba, anahema mdomo wazi au anaelea upande mmoja, hilo ni jambo jingine kabisa: huenda mapafu yana maradhi.

Tuje kwenye chakula.

Kobe hana meno. Ana mdomo wenye ukingo mgumu kama wa kasuku, na kucha ndefu za mikono anazozitumia kuchana windo huku mdomo umelishika. Ulimi wake haumsaidii kusukuma tonge, na mate yake ni haba. Hivyo hufungua koo ghafla, maji yakaingia kwa kasi pamoja na chakula, kisha huyatema maji na kumeza kilichobaki. Ndiyo sababu chakula kiwekwe majini. Kobe anayepewa panzi mezani hukimbilia beseni akiwa naye mdomoni, na wasiojua husema ana aibu ya kula mbele za watu.

Porini anakula chochote chenye nyama: konokono, viluwiluwi, vyura, samaki wadogo, funza wa majini, wadudu walioanguka, mizoga. Jamaa zake wa savana wameonekana wakikamata ndege waliokuja kunywa maji, na huko Afrika Kusini wamepigwa picha wakiwabandua kupe faru waliolala kwenye matope. Matunda yaliyodondoka na mimea laini vimo pia, kwa kiasi. Mtu wa Kasongo hana haja ya kuagiza vidonge vya kobe kutoka ng'ambo, kwa kuwa menyu yote hiyo iko nyuma ya nyumba yake. Nyungunyungu wanachimbwa kando ya bomba au kisima. Konokono wa kijitoni ni bora kuliko vyote, maana kobe huvunja nyumba yake na kupata nyama na chokaa kwa mlo mmoja. Mvua za kwanza zikishuka na kumbikumbi wakaruka, watoto wakusanye mafungu mawili, moja la sufuria na moja la kobe. Samaki wadogo wapewe wazima, pamoja na mifupa na maini, kwa sababu ini lina vitamini A, na ukosefu wa vitamini hiyo ndio hasa huvimbisha macho ya kobe anayelishwa minofu mitupu au wali.

Ndakala wa Tanganyika wanaofika sokoni wakiwa wakavu wanafaa kama hawana chumvi. Wenye chumvi walowekwe na maji yamwagwe mara kadhaa, na bado wasiwe chakula cha kila siku. Lengalenga na majani ya matembele yanaweza kukatwakatwa na kuachwa yaelee juu ya maji. Kobe wakubwa huyaonja kuliko wachanga. Sombe mbichi asipewe kamwe. Majani ya muhogo yana sumu ileile inayomfanya mama kuyatwanga na kuyachemsha kwa saa nzima kabla ya kuyaleta mezani. Wali, bukari, mkate na biskuti vinajaza tumbo tu, kisha vinachafua maji.

Kobe mchanga alishwe kila siku. Aliyekomaa anatosheka kila baada ya siku mbili au tatu, fungu likiwa la ukubwa wa kichwa chake hivi, ambalo kwa macho ya mtoto ni dogo mno. Mnyama huyu hajui kusema basi. Porini hakuna uhakika wa mlo wa kesho, kwa hiyo hula kila anachokiona, na wa nyumbani atanenepa mpaka nyama za mapajani zichomoze nje ya gamba, bawaba ishindwe kufungika. Muda mzuri wa kumlisha ni asubuhi, ili awe na jua la kumsaidia kusaga.

Chakula kikiingia uchafu hutoka, tena mwingi, na humohumo ndani ya beseni. Mto huusomba, beseni haliwezi. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, yawe ya mvua, ya kijito au ya kisima, yasiwe ya baridi kali wala ya moto. Maji machafu hulegeza ngozi na kuozesha gamba kwa madoa meupe yenye harufu. Njia nzuri ya kupunguza kazi ni kumlisha katika chombo kingine, kisha kumrudisha.

Maji hayo yasimwagwe karibu na kisima, na beseni hilo lisirudi jikoni tena. Kobe, hata akiwa mzima wa afya, hubeba vijidudu vya salmonela matumboni mwake. Si vile vya homa ya matumbo, ambavyo ni vya binadamu, bali ni ndugu zao, na huharisha watoto wadogo vibaya. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba la chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na asiachwe kutembea mahali pa kuandaa chakula.

Yale ya kutoboa ukingo wa gamba na kupitisha kamba ili asitoroke yaachwe kabisa. Gamba lina damu na neva, na tundu hilo ni mlango wa usaha.

Wafugaji wengi, mara nyingi baada ya kuchoka, hufikiria kumwachia huru. Jambo hili lina historia mbaya kwingineko. Kobe wa Marekani mwenye alama nyekundu alisafirishwa kwa mamilioni akiwa mdogo. Akakua, akachosha, akatupwa. Umoja wa Ulaya ulizuia uingizaji wake mwaka 1997, kisha mwaka 2016 ukamwingiza katika orodha ya viumbe wavamizi. Wakongomani wanaoishi Brussels huweza kumwona leo kwenye mabwawa ya bustani za mji huo, akiota jua la Ubelgiji akiwa mbali sana na Mississippi. Mwaka huohuo wa 2016, huko Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilimwekea masharti ya biashara ya kimataifa kobe wa gamba laini wa Afrika, kwa kuwa idadi yake inapungua. Kongo nayo ina sheria yake ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014, na mwenye kukusudia kusafirisha kobe nje ya jimbo afike kwanza kwenye ofisi inayohusika na mazingira.

Kwa kobe wa Lualaba aliyefugwa Kasongo mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu kwao ni karibu. Kuna hata wakati ambapo kumrudisha ni kumwokoa: jike mwenye mayai. Huyu huacha kula, huzunguka beseni mchana na usiku, hupanda kuta na kuanguka, akitafuta udongo wa kuchimba. Akikosa, mayai hukwama ndani naye hufa. Mfugaji ambaye hawezi kumpatia kisanduku cha mchanga wenye unyevu, chenye kina cha kutosha miguu yake ya nyuma, ampeleke mtoni siku hiyohiyo.

Arudishwe palepale alipovuliwa: wa Luama arudi Luama, wa kijito arudi kijito chake, kwani kobe wa maji tofauti huweza kuwa wa aina tofauti na kubeba vimelea tofauti. Mgonjwa asirudishwe kabla ya kupona, wala aliyekaa pamoja na kobe wa kigeni. Wakati unaofaa ni mwanzo wa mvua, Septemba au Oktoba, maji yanapopanda na konokono wanapoongezeka. Akiachwa Julai atakuta madimbwi yanakauka bila kuwa na mafuta ya kutosha mwilini. Aachwe jioni, penye matete na maji yaliyotulia, mbali na mahali ambapo wavuvi wa kijiji hutega migono yao.